NBC na NMB ni watoto wa tumbo moja. Mbona mmoja tulimuuza kwa bei ya kutupa na mwingine leo anatuletea gawio?

Kibubu cha Bibi (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Mabishano ya ubinafsishaji humu huwa yanaishia palepale. Huyu atasema Mkapa aliuza nchi, yule atasema mashirika ya umma yalikuwa mzigo, halafu wanahamia kutukanana. Leo naleta mfano wa benki mbili, NBC na NMB, ambao naona unawasuta wote wawili.

Tarehe 6 Februari 1967, siku moja tu baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu alitangaza kutaifisha benki za biashara za watu binafsi. Barclays, Standard, Grindlays na nyingine zikaingizwa kwenye chungu kimoja kikaitwa NBC. Miaka 30 baadaye, 1997, serikali ikaipasua NBC vipande vitatu. Cha kwanza ni NBC (1997) Limited, kilichopewa vinono: makampuni, wafanyabiashara wakubwa, matawi ya maana. Cha pili ni NMB, iliyopewa matawi karibu 100, mengi ya wilayani, pamoja na walimu, wastaafu na vitabu vya akiba vyenye elfu tatu ndani. Cha tatu kilikuwa shirika la kushikilia mali zilizobaki, hicho tukiache.

NBC ikapata mchumba haraka. Mwaka 2000 ABSA ya Afrika Kusini ilichukua asilimia 55 kwa Sh15 bilioni, IFC, tawi la Benki ya Dunia la kuwekeza kwenye sekta binafsi, ikachukua 15, serikali ikabaki na 30. NMB haikutakwa na mtu. Ikakabidhiwa kampuni ya Kimarekani iiendeshe kwa mkataba, na ni 2005 ndipo Rabobank na wenzake waliponunua asilimia 49. Mwaka 2008 serikali ikapeleka sehemu ya hisa zake soko la hisa la Dar es Salaam (DSE), Sh600 kila moja, mwananchi yeyote anunue. Leo serikali imebaki na karibu asilimia 32.

Sasa sikilizeni. Mwaka 2024 NMB ililipa gawio la Sh361 kwa kila hisa. Aliyenunua kwa 600 mwaka 2008 akakaa kimya, mwaka mmoja tu umemrudishia zaidi ya nusu ya alichotoa. Serikali peke yake ilichukua Sh57.4 bilioni.

Hoja yangu: hapa suala si mali ya umma au mali ya mtu binafsi. Suala ni wangapi lazima wakubali kabla pesa haijatoka. NBC ya zamani mkubaliji alikuwa mmoja, serikali. NBC iliyouzwa mkubaliji ni mmoja pia, mwenye 55. NMB hakuna mwenye nusu, kila mmoja anamchungulia mwenzake. Nawasilisha.

Mtoto wa Buguruni

Ngoja waje wenye benki zao. Mimi nimevuta kigoda, kahawa na kashata viko hapa.

Mchumi Mchovu

Mleta mada, hesabu yako ina ujanja kidogo. Unaweka shilingi ya 2000 na shilingi ya 2024 kwenye mzani mmoja. Mwaka 2000 dola ilikuwa kama Sh800, kwa hiyo 15 bilioni ni dola milioni 18 au 19. Mwaka 2024 dola ilikuwa inacheza 2,600, kwa hiyo gawio lako la 57.4 bilioni ni dola milioni 22. Ukisema "gawio la mwaka mmoja ni karibu mara nne ya bei ya NBC" unawapandisha watu presha bure. Sema gawio la serikali la mwaka mmoja linazidi kidogo bei ya NBC, na hiyo peke yake inatosha kumnyima mtu usingizi.

Halafu mnasahau mazingira ya muuzaji. Mwaka huohuo wa 2000 tulikuwa kwenye foleni ya HIPC, mpango wa nchi maskini zenye madeni makubwa, tusamehewe madeni. Wafadhili walikuwa wanahesabu mageuzi kidole kwa kidole, na NBC ilikuwa kidole gumba. Umewahi kuuza kiwanja huku mdai amekaa sebuleni kwako? Dalali ananusa. Bei inashuka kabla hujafungua mdomo.

Ya ziada tu: leo Sh15 bilioni ndiyo mtaji wa chini kabisa wa kufungua benki ya biashara nchini. Yaani bei ya asilimia 55 ya NBC, na matawi yake na jina lake, leo ndiyo kiingilio cha mlangoni.

Kimemo Original

Mchumi umepiga mule mule. Ila msiifanye NBC marehemu. Ipo, inakopesha, na Ligi Kuu tunayoangalia kila wikiendi ina jina lake.

Mzee wa Dirishani

Vijana, mnaanzia 1997 ndiyo maana hamuelewani. Mngeanzia 1976.

Mwaka huo serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika. Kazi ya kununua mazao ikaenda kwa mamlaka za mazao: pamba na mamlaka yake, kahawa na yake, korosho na yake. Mamlaka hizo hazikuwa na fedha zake. Msimu ukifika zinakuja benki, zinachukua overidrafti (mkopo wa kutoa zaidi ya kilichomo kwenye akaunti), zinanunua mazao. Zikiuza vizuri zinarudisha. Zikiuza vibaya, au magunia yakinyeshewa kwenye godauni kwa sababu lori halina tairi, deni linabebwa mpaka msimu ujao, na msimu ujao linaongezwa jingine juu yake.

Mimi nilikuwa karani kisha msaidizi wa meneja kwenye benki ya umma, tawi la mkoani. Benki gani niachieni. Nitawaeleza jinsi mkopo ulivyokuwa unapita. Haukuwa unapita kwa fomu. Simu inalia, meneja anasimama (anasimama kabisa, kwenye simu!), anasema "ndiyo mzee, ndiyo mzee", anakata. Anatuambia wakulima walipwe kabla ya Saba Saba. Basi. Fomu tunajaza baadaye ili kumbukumbu iwepo. Wakati mwingine si simu, ni kimemo: kijikaratasi kina mstari mmoja na saini.

Mtasema meneja alikuwa mwoga. Angekataa kwa mamlaka ipi? Mwenye benki ni serikali. Mwenye mamlaka ya pamba ni serikali. Anayepiga simu ni serikali. Na mkulima anayesubiri nje amekasirika kweli, pamba yake imeshachukuliwa, ana haki ya pesa yake. Hapo hakuna mwizi. Ndilo lililonisumbua miaka yote, kwamba benki ilikuwa inakufa na kila mtu chumbani ana sababu nzuri.

Mwaka 1988 Mzee Mwinyi akaunda tume chini ya Gavana Charles Nyirabu, ikamaliza kazi 1990. Ikaja sheria ya 1991 iliyoruhusu benki binafsi, na ikaundwa LART, chombo cha kukusanya mikopo chechefu, yaani isiyolipwa. LART ilipofungua madaftari ikakuta wadaiwa wengi wakubwa ni mashirika ya serikali yenyewe. Unampeleka nani mahakamani hapo? Unapiga mnada trekta la nani?

Kwa hiyo mleta mada nakuunga mkono, ila usidhani NBC ilipasuliwa kwa kupenda. Ilipasuliwa kwa sababu serikali ilikuwa haiwezi kujizuia kupiga simu.

Mbishi wa Makorora

Mzee shikamoo, lakini hiyo nayo ni nusu ya habari. Mnaongea kana kwamba 1991 ilikuja, simu zikakatwa. Mbona 2005/06 Sh133 bilioni za EPA, akaunti ya madeni ya nje, zilitoka Benki Kuu kwenyewe, kwa makampuni 22, mengine ya mfukoni? Januari 2008 Rais Kikwete akatengua uteuzi wa Gavana Ballali. Hapo mageuzi yote ya kina Nyirabu yalikuwa yameshafanyika, sheria ziko kabatini zimepigwa muhuri. Simu ilibadilisha namba tu.

Na benki binafsi mnazozishangilia? Meridian BIAO ilikuwa miongoni mwa za kwanza kufungua milango 1993. 1995 imekwisha, Stanbic ikairithi. Greenland nayo ikaja kutoka Uganda, nayo ikaanguka. Mtaji wa mtu binafsi hauna kinga ya ujinga.

Mzee wa Dirishani

Marahaba Mbishi. EPA sina la kukupinga. Niongeze tu kwamba NBC ilipokuwa inapasuliwa Mwalimu alikuwa hai, na si siri kwamba hakupendezwa na habari ya kuiuza. Alifariki Oktoba 1999, benki ikauzwa mwaka uliofuata. Wapo wanaosema walisubiri. Mimi siwezi kusema hivyo, kwa sababu mchakato ulikuwa umeanza akiwa hai na kelele zake zilisikika. Ila najua hili: kelele zilizopigwa juu ya NBC ndizo zilizoiokoa NMB. Baada ya 2000 hakuna waziri aliyetaka kusimama bungeni kueleza amemuuzia mgeni asilimia 55 nyingine. Ndiyo maana 2005 ikawa 49, na ndani ya kundi la wanunuzi wakaingizwa wazawa, zikiwemo kampuni za uwekezaji za NICOL na TCCIA. Ndiyo maana 2008 tukaambiwa tununue na sisi.

Kibubu cha Bibi (mleta mada)

Mzee hapo umenifungua macho. Sikuwa nimeunganisha hizo mbili. Yaani kushindwa kule ndiko kulikozaa masharti ya huku.

Ticha wa Kasulu

Mimi nina neno na mleta mada. Unasifia mgawanyo wa hisa, bodi, kuchunguliana. Sawa. Lakini hujataja kuku anayetaga: sisi.

NMB ilirithi mishahara ya watumishi wa umma. Mwalimu wa Kasulu, wa Newala, wa Mpwapwa, mshahara ulikuwa unapita pale kwa sababu hapakuwa na benki nyingine ndani ya kilomita mia. Mkopo wa mtumishi ndio mkopo mtamu kuliko yote duniani kwa benki. Mkato unafanyika Hazina kabla mshahara haujakufikia. Huwezi kukimbia, huwezi kuchelewa, ukihamishwa deni linahamia na wewe. Wale Wamarekani walipokuja kuendesha hawakukuta makombo, walikuta mgodi ambao NBC mpya iliuacha ikidhani ni shamba la mawe.

Kwa hiyo hiyo Sh57.4 bilioni ya serikali, ujue imetembea. Imetoka Hazina kama mshahara wangu, ikakatwa kama rejesho na riba, ikaingia benki ikawa faida, ikarudi Hazina kama gawio, tukapigiwa makofi kwenye televisheni na mfano wa hundi kubwa kama mlango. Mimi mwenyewe nimelipa riba ya asilimia 17 miaka minne kwa benki ambayo siitaji. Hisa sina hata moja. Mwaka 2008 wakati zinauzwa nilikuwa na deni la bati.

Mtoto wa Buguruni

"Deni la bati" nimecheka, kisha nikakumbuka langu la tofali.

Mchumi Mchovu

Ticha amesema jambo zito. Niongezee ushahidi wa upande wake. Awamu ya Tano ilipoingia iliamuru fedha za taasisi za umma zitolewe benki za biashara zipelekwe Benki Kuu (BoT). Nia ilikuwa nzuri: serikali ilikuwa inaweka hela benki bila riba ya maana, halafu benki hizohizo zinanunua hatifungani (hati za mkopo) za serikali na kuilipisha serikali riba. Yaani unajikopesha mwenyewe na kumlipa dalali. Lakini ilipokatwa ghafla tuliona nani alikuwa anasimama kwa miguu yake. Mikopo chechefu ikapanda mpaka zaidi ya asilimia 10. Sasa hivi iko chini ya asilimia 5, ambayo ndiyo kiwango BoT inataka.

Kwa hiyo hata benki "binafsi" za hapa zinakula kwa mkono wa serikali. Hilo linaigusa nadharia ya mleta mada: unaweza ukawa na bodi ya watu wanaochunguliana na bado wote wanaangalia mlango mmoja.

Shangazi wa Vikoba

Wanangu mnaongea mabilioni, mimi niongee milioni.

Kikundi chetu tulikuwa kina mama 22. Tuliambiwa tusiweke hela kwenye sanduku, tujirasimishe, twende benki ya wananchi, ni ya kwetu, viongozi wake tunawajua. Tukaenda. Jina la benki siliandiki humu. Tulikuwa na milioni 9 na kidogo. Baadaye ikafutiwa leseni, mtaji hautoshi. Tulisoma tangazo mlangoni, limebandikwa kwa gundi, mlinzi anatuambia poleni mama zangu.

Bima ya amana wakati ule ilikuwa inalipa mwisho milioni moja na nusu. Kwa mteja mmoja wa benki, si kwa kila mama. Kikundi ni mteja mmoja. Gawanya mwenyewe kwa 22. Kilichobaki tukaambiwa tusubiri mfilisi auze mali, na mimi nimejifunza kwamba kusubiri mfilisi ni kama kusubiri mvua Dodoma mwezi wa nane.

Najua sasa hivi kinga imepandishwa hadi milioni 7.5. Ni jambo jema, nashukuru. Lakini siku ile tulikuwa tunaambiwa mageuzi yanaondoa benki dhaifu ili sekta iwe imara. Sikatai. Nauliza tu, udhaifu ulianza siku ile ya tangazo? Walipokuja kutuhamasisha tuweke, mkaguzi alikuwa hajui?

Kimemo Original

Pole sana shangazi. Swali lako la mwisho ndilo ninalokaa nalo tangu tarehe 4 Januari 2018, zilipofutiwa leseni benki 5 kwa mpigo mmoja. Kanuni inasema benki ya wananchi iwe na mtaji usiopungua Sh2 bilioni. Haikuwa siri kwamba baadhi hazina. Zilikuwa zinaongezewa muda, zinaongezewa muda. Kila benki ndogo ina mbunge wake, ina mkoa wake, ina mzee wake wa heshima aliyekata utepe. Nani anataka kuwa yule aliyefunga benki ya wakulima wa mkoa fulani? Mpaka kukawa na wakati wa kisiasa ambao kufunga kulionekana ni ushujaa. Mwenye amana ndiye aliyelipia muda wote wa kusubiri.

Mbishi wa Makorora

Dawa ya yote haya ni sheria ya kupanga riba. Asilimia 12, mwisho. Anayetaka kukopesha akopeshe, asiyetaka afunge. Tuone.

Jirani wa Umoja

Mbishi, mimi niko Nairobi, niruhusu nikuambie tuliyoyaona. Sisi tuliifanya hiyo. Mswada wa Jude Njomo, mbunge wa Kiambu, ukatiwa saini Agosti 2016, ukaanza kazi Septemba 14. Riba isizidi kiwango cha Benki Kuu kwa zaidi ya asilimia 4. Wananchi tulisherehekea kama tumeshinda Kombe la Afrika. Mabenki yalikuwa yamepinga mpaka sauti ikakauka, na kabla yake, mswada wa Joe Donde wa miaka ya 2000 ulikuwa umeishia kortini.

Kisha? Mwenye duka la Gikomba akaenda kukopa akaambiwa riba ni 14, karibu sana, lakini wewe hufai. Benki zikaona afadhali zinunue dhamana za serikali, hazina kelele wala hazihamii mtaa mwingine usiku. Mama mboga akarudi kwa mkopo wa simu, ambao ukihesabu ada zake kwa mwaka unashika kichwa. Mwaka 2019 Rais Uhuru akakataa kutia saini Mswada wa Fedha mpaka kifungu kile kitolewe. Wabunge walitaka kukiokoa, lakini hawakufika theluthi mbili ndani ya ukumbi siku ya kupiga kura. Novemba kikawa kimekwisha.

Mimi bado sijui kama kosa lilikuwa kupanga bei au kupanga bei huku serikali yenyewe inakopa kwenye kaunta ileile. Lakini usidhani ni dawa ya kunywa na kulala.

Ticha wa Kasulu

Jirani asante. Huku kwetu mikopo ya simu tunaiita kausha damu, na BoT mwaka 2024 ilitangaza orodha ya programu 69 zinazokopesha bila kibali. 69! Na hizo ndizo zilizoonekana. Mtu anakopa laki moja anadhalilishwa mpaka kwa mkwewe.

Mzee wa Dirishani

Niulize na mimi. Aprili 2025 Rais Samia alizindua Benki ya Ushirika pale Dodoma. Mimi niliangalia kwenye televisheni peke yangu, mke wangu akaniuliza mbona umenuna, si ndiyo ulichokuwa unakitaka. Kweli nilikitaka. Mkulima bila benki yake ataendelea kuuza mazao shambani yakiwa mabichi. Lakini nilipoona waliokaa mstari wa mbele nikaanza kusikia ile simu ya 1983 ikilia.

Swali langu kwa mleta mada, maana una nadharia: humo ndani, mkulima akikasirika na msimu ukawa mbaya, ni nani mwenye uwezo wa kusema hapana, na kesho yake akaamka bado ana kazi?

Kibubu cha Bibi (mleta mada)

Mzee, nilikuja na nadharia nimebaki na nusu. Ticha amenionyesha kwamba NMB ilikuwa na mishahara ya serikali chini ya godoro, kwa hiyo siwezi tena kudai ni muundo wa hisa peke yake. Shangazi amenionyesha kwamba benki yenye wamiliki wengi inaweza kuwa na wamiliki wengi wasiojua kusoma mizania. Kwa hiyo wingi wa wakubaliji hautoshi. Inabidi kila mmoja awe na kitu cha kupoteza na awe na macho ya kuona kinapotea.

Kwenye swali lako la Benki ya Ushirika, ninachotaka kuona ni jambo dogo tu: siku itakapomnyima mkopo chama cha ushirika chenye mwenyekiti mwenye jina kubwa, na habari hiyo ikapita bila mtu kuhamishwa. Nitajua.

Shangazi, samahani nikuulize, siku hizi kikundi kinaweka wapi?

Shangazi wa Vikoba

Mafungu makubwa yako benki kubwa, na tunafuatilia akaunti kwenye simu kila Jumamosi mbele ya wote. Ya kukopeshana yamerudi kwenye sanduku. Lina kufuli tatu, funguo wanazo watu watatu wa nyumba tatu, na hata mwenyekiti hana ufunguo.

Mbishi wa Makorora

Na mmoja wa wenye funguo akisafiri?

Shangazi wa Vikoba

Tunamsubiri arudi.